Mama Gundi na Dhamira Kumi na Moja

Mama Gundi aliichukia Marekani ingawa hakuwahi kuikanyaga wala kumjua mtu yeyote wa huko. Aliichukia kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hata hakuwepo duniani: muuza madirisha wa kwenye riwaya, ambaye asubuhi moja ya baridi alimwacha mkewe jikoni, akawaacha mabinti zake wawili kitandani, akawasha gari na kwenda zake. Kurasa mia tatu nzima jamaa anaendesha gari tu. Anaweka mafuta, analala katika nyumba za wageni zenye mapazia ya kahawia, anakunywa kahawa iliyopoa, anaendelea. Mtu mzima na akili zake! Na kwa ajili ya huyo, Mama Gundi alikuwa ameshafeli mtihani mara mbili.

Jina hilo la Mama Gundi alipewa na wanafunzi kwa sababu ya kazi yake. Chini ya maktaba ya chuo, ukishuka ngazi kumi na nne na kupita chumba cha jenereta, kulikuwa na chumba chenye meza ndefu, taa mbili za mirija, mashine ya chuma ya kubania vitabu, ya kukazwa kwa mkono, na sufuria la gundi. Kitabu kilichochanika kikifika hapo, alikivua jalada, akakata nyuzi kuukuu, akaitenganisha mikunjo yake, kila mkunjo kurasa kumi na sita, akaipanga, akaishona upya, akaupaka mgongo wake gundi na kukibana hadi kesho yake. Alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini na mbili, na katika chuo kizima hakukuwa na mwingine aliyejua sindano inaingilia wapi.

Tatizo likawa cheti. Mkuu wa kitengo alipostaafu, Mama Gundi aliwekwa kuwa kaimu, akakaimu miaka mitatu. Kisha ikaja barua kutoka utawala: ukuu wa kitengo ni wa mwenye shahada, kaimu asiye nayo apewe muda aitafute, na akishindwa ataletwa mwingine. Neno hilo "mwingine" lilimkata maini. Alishamwona kabisa akilini: ana shahada, ana tai, hajui tofauti ya uzi wa kushonea kitabu na wa kushonea vifungo, halafu anamwambia yeye, "Mama, hebu nielekeze kidogo." Basi akajiandikisha. Akiwa na miaka hamsini na mbili akakaa dawati moja na watoto wadogo kuliko wanawe. Akafaulu isimu, akafaulu ushairi, akafaulu hata lile somo la takwimu ambalo hakuna aliyejua linatafuta nini katika fasihi. Likabaki moja: Dhamira katika Riwaya za Kisasa za Kimarekani. Chuo kinaruhusu kulirudia hadi mara tatu. Ukifeli ya tatu, unafungasha virago.

Mhadhiri wa somo hilo alikuwa kijana mwenye miwani mizito, na wanafunzi walimwita Dhamira kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi bila kulitamka neno hilo. Akikutana na Mama Gundi koridoni, alimwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, mama." Akiingia darasani tu, mambo yanageuka: "Wewe mwanafunzi wa nyuma pale." Alikuwa ametunga kijitabu cha mwongozo, na humo riwaya ya muuza madirisha ilikuwa imechambuliwa ikabaki mifupa. Dhamira kumi na moja, zimepangwa kwa namba. Ya kwanza, upweke wa mtu wa kisasa. Ya tatu, kuvunjika kwa mawasiliano. Ya saba, kufa kwa familia. Ya kumi na moja, aliyoipenda kuliko zote na kuitamka huku amefumba macho, ilikuwa kutorudi. Alisema riwaya inakatika katikati ya sentensi: mtu amesimama kwenye kituo cha mafuta, amefungua mlango wa gari, basi. Hakuna nukta, hakuna chochote.

"Huo ndio usasa," alisema. "Mwandishi anakataa kumrudisha. Anakataa hata kutuwekea nukta."

Wanafunzi wote wakaandika: anakataa hata kutuwekea nukta. Hakuna aliyeuliza swali. Maktaba ilikuwa na nakala moja tu ya riwaya hiyo, na kila mwaka watu walisoma fotokopi ya fotokopi yake. Wengi hawakusoma hata hiyo. Walikariri mwongozo, wakafaulu, wakaenda zao kufundisha wengine.

Mama Gundi hakuweza. Alikuwa amesoma fotokopi yake mara mbili, penseli mkononi, na kuna jambo lilimkera kama kokoto kiatuni. Muuza madirisha anapiga simu nyumbani mara tisa. Mkewe akipokea, yeye hasemi kitu, anakata. Kwa Dhamira, hiyo ni namba tatu, kuvunjika kwa mawasiliano. Kwa Mama Gundi, huyo ni mtu aliyeko njiani kurudi. Alijua, kwa sababu yeye yalimkuta. Mumewe, fundi magari, mtu mpole asiyejua hata kugonga meza, aliondoka nyumbani watoto wakiwa wadogo, bila ugomvi wala barua, akakaa miezi minane. Miezi hiyo yote simu ya mezani ililia mara kwa mara, na akipokea hakuna anayeongea, pumzi tu. Kisha mchana mmoja akaingia na begi lake, akanawa mikono, akauliza kama bomba la jikoni bado linavuja. Mama Gundi hakumwuliza alikuwa wapi. Naye hakusema. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita, na jambo hilo lilikaa kati yao kama meza, wote wanalizunguka.

Kwa hiyo katika mtihani wa kwanza aliandika kuhusu dhamira ya kurudi. Alipata thelathini na nane, na pembeni kwa wino mwekundu: "Dhamira hii haimo. Ushahidi uko wapi?" Mara ya pili akaandika tena, kwa upole zaidi, na kutaja ukurasa wa kila simu katika zile tisa. Alipata arobaini na moja. "Ushahidi?"

"Lakini si alirudi?" mumewe aliuliza siku matokeo yalipotoka, akiwa anakwangua grisi kwenye kucha.

"Nani kasema alirudi? Kitabu kimekatika!"

"Lazima alirudi. Gari gani litakwenda umbali huo bila kubadilishwa oili?"

"Mzee, hatuzungumzii oili."

"Mimi nazungumzia oili," mumewe akasema. "Hamtaki kuzungumzia oili ndiyo maana mnafeli."

Mara ya tatu, basi, Mama Gundi alisalimu amri. Alinakili dhamira zote kumi na moja kwenye kadi ngumu, akazibandika ukutani juu ya sufuria la gundi, akawa anazikariri huku anashona. Upweke, sindano ndani. Gari kama nyumba, sindano nje. Kufa kwa familia, kaza uzi. Alijisikia mpumbavu, lakini mpumbavu atakayekuwa na shahada.

Wiki moja kabla ya mtihani, idara ya kilimo ilimletea kitabu kinene cha magonjwa ya kuku, jalada limeng'oka. Akakivua, akageuza mgongo, akatabasamu kwa kuona kazi ya mkono wake mwenyewe: fundo lake la mwisho, la kuzungusha mara mbili, ambalo hakuna mwingine analifunga hivyo. Alikuwa amekijalidi zamani. Akafungua nyuma kuangalia kama faharasa imesalimika. Faharasa iliishia ukurasa wa 208. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa 305, na haukuwa na kuku hata mmoja. Ulianza katikati ya sentensi, kwa maneno haya: "akaligeuza gari upande aliotoka."

Alisoma amesimama, kisu mkononi. Kurasa thelathini na mbili. Muuza madirisha anarudi. Anakuta mapazia ya jikoni yamebadilishwa. Binti mkubwa anakataa kumsalimia, mdogo anamwangalia viatu. Mkewe anasogeza kiti kimoja kwa mguu, hasemi neno, na yule mtu anakaa. Basi ndiyo hivyo, mpaka mwisho, watu wanne jikoni wanajaribu kula. Na nukta ilikuwepo, kubwa tu, mwisho kabisa wa ukurasa wa 336.

Kilichomtia wazimu zaidi ni pembezoni. Vizazi na vizazi vya wanafunzi wa kuku walikuwa wamezisoma kurasa hizo na kuandika kwa penseli. "Hii inatoka kwenye mtihani?" mmoja aliuliza. Mwingine: "Maskini." Mwingine, kwa herufi kubwa: "USIMPE KITI!" Na chini yake, mkono tofauti: "Mpe tu, dada." Watu waliokuja kujifunza ugonjwa wa kideri walikuwa wameielewa riwaya ya Kimarekani kuliko idara nzima ya fasihi!

Akapanda juu kuangalia kadi ya riwaya katika sanduku la orodha ya vitabu. Imeandikwa waziwazi: kurasa 336. Akashuka, akafungua daftari la kazi la miaka kumi na moja nyuma. Vitabu viwili, wiki moja, ukubwa mmoja, karatasi zimegeuka manjano sawasawa, na sahihi moja chini yake: ya kwake. Mikunjo miwili ya mwisho ya riwaya ilikuwa imewekwa juu ya rundo la kuku na kushonwa humo. Kabla ya kushona, unahesabu mikunjo. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha kwa kila aliyewahi kupita chumba hicho. Alijaribu kukumbuka labda siku ile aliumwa, labda kulikuwa na msiba. Hakukumbuka lolote. Hakuhesabu tu. Aliketi, akashika tama. Alikuwa amefelishwa mara mbili, na aliyemfelisha ni yeye.

"Sikiliza," mumewe alimshauri jioni ile wakiwa wanaosha vyombo. "Andika anachotaka huyo kijana. Upate shahada yako. Halafu ushone kurasa zako taratibu, urudishe kitabu rafu yake. Nani atajua?"

"Wanafunzi wa kuku wote wanajua."

"Hao hawasahihishi mtihani wako."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ulimkera mkewe mpaka akaosha sahani moja mara tatu.

Asubuhi yake alipanda ofisini kwa mhadhiri na vitabu vyote viwili. Dhamira akasimama, "Shikamoo, mama," akamvutia kiti. Mama Gundi akaeleza yote bila kujitetea: kosa langu, mkono wangu, kurasa hizi hapa, soma mwanangu. Kijana akasoma zote thelathini na mbili. Kwenye ukurasa wa 310 hivi akaanza kujikuna sikio. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mwisho dhaifu," akasema.

"Unasemaje?"

"Ni mwisho dhaifu, mama. Unaiharibu riwaya. Ile inayokatika ni bora zaidi."

"Lakini haikatiki! Niliikata mimi!"

"Basi uliikata vizuri." Alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza alionekana mdogo kama alivyo. "Mama, miaka saba nafundisha hivi. Nimeandika makala. Mtihani umeshachapishwa, umefungiwa. Unataka nikawaambie nini watu?"

"Waambie mjalidi alikosea. Nitasimama niseme mwenyewe."

"Andika kama mwongozo unavyosema," akasema Dhamira, akamrudishia vitabu. "Nakuomba kama mwanao. Ukiandika kingine, mimi sitakuwa na namna."

Mama Gundi akashuka chumbani kwake. Alizing'oa kurasa kutoka kwa kuku, akazishona zinapostahili, akahesabu mikunjo mara tano, ishirini na mmoja, akakipeleka kitabu darasani kipindi cha mwisho na kusimama mbele kabla mhadhiri hajafika. Akawasomea mwisho. Alitegemea nini? Labda mshangao. Labda mtu mmoja aseme asante. Darasa lilimsikiliza hadi nukta ya mwisho, kisha kiranja wao akanyoosha mkono.

"Mama, mtihani ni Jumatatu."

"Najua."

"Tumeshakariri zote kumi na moja. Sasa hii ya kurudi itakuwa ya ngapi?"

"Si suala la namba, jamani, ndivyo kitabu kilivyo!"

"Mama, tafadhali," akasema binti mmoja aliyekaribia kulia. "Zirudishe kwa kuku mpaka Jumanne."

Na darasa zima likaunga mkono. Mama Gundi alichukua kitabu chake akatoka. Njia nzima ya kurudi chumbani kwake alikuwa anaongea peke yake, na mfagiaji aliyepishana naye kwenye ngazi akamsogezea ndoo kwa woga.

Jumatatu swali la lazima lilikuwa hili: "Mhusika mkuu harudi nyumbani. Thibitisha kwa kutumia dhamira zisizopungua sita." Mama Gundi alilisoma mara nne. Kalamu za wenzake zilikuwa zimeshaanza kukwaruza, kila mtu anateremsha namba moja, namba mbili, namba tatu. Yeye pia alikuwa nazo zote kichwani, zimejipanga, zinasubiri kuitwa. Nusu saa ya kazi tu, na ukuu wa kitengo ni wake. Akaandika "Dhamira ya kwanza ni upweke wa mtu wa" na mkono ukagoma. Hakuwa anajifanya shujaa, alikuwa amechoka. Alichoka kuambiwa na watu wasiowahi kuachwa kwamba walioondoka hawarudi. Akafuta mstari ule, akaandika: "Alirudi. Ukurasa wa 305 hadi 336. Kurasa hizo zilipotea kwa kosa langu mimi mjalidi, na naomba radhi." Kisha akajaza kijitabu kizima cha majibu akieleza zile simu tisa, moja baada ya nyingine, na kile kiti.

Alipata arobaini na nne. Pembeni hapakuwa na "ushahidi" safari hii. Paliandikwa, kwa wino mwekundu uliopepesuka: "Umesoma vizuri sana. Hukujibu swali." Darasa zima lilifaulu isipokuwa yeye. Wiki mbili baadaye utawala ukamwandikia kumshukuru kwa kukaimu, na kumjulisha kwamba mkuu mpya wa kitengo ataripoti tarehe moja. Alikuja kweli, na tai yake, mstaarabu tu, hana neno. Siku ya kwanza alisimama mbele ya mashine ya kubania akatafuta swichi.

Hilo Mama Gundi alilimeza. Lililomkaba ni la mwezi uliofuata. Kutoka idara ya fasihi yaliletwa maboksi mawili ya kazi: mwongozo, toleo la pili, nakala mia na ishirini za kujalidiwa. Akafungua moja. Ukurasa wa mwisho palikuwa na dhamira mpya, ya kumi na mbili: kurudi. "Uchunguzi wa karibu wa mwandishi wa mwongozo huu umebaini," ilianza, na baada ya hapo zikafuata simu zake tisa, kwa mpangilio wake, na kile kiti, karibu neno kwa neno. Mwishoni Dhamira aliongeza la kwake: mhusika anarudi kwa sababu ya upweke, na hivyo dhamira ya kumi na mbili inaturudisha katika ya kwanza. Mama Gundi alizijalidi zote mia na ishirini. Alizijalidi vizuri, kwa sababu hajui kujalidi vibaya, huku akimtukana kijana yule kwa kila tusi analolijua mtu wa rika lake.

Nakala moja akaitia mkobani akaenda nayo nyumbani. Mumewe alikuwa nje, amelala chini ya gari la jirani, miguu tu inaonekana. Mama Gundi akaisomea ile miguu dhamira ya kumi na mbili kwa sauti kubwa, akisindikiza kila sentensi kwa msonyo.

Miguu ikatulia. Mzee akajivuta kutoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa kitambaa, akakiomba kijitabu. Alikishika mbali na macho, akasoma polepole, midomo inacheza.

"Huyu hajui kitu," akasema hatimaye. "Upweke gani? Mimi kule tulilala watu sita chumba kimoja. Sikupata hata nafasi ya kuwa mpweke."

Miaka kumi na tisa, na hilo lilikuwa neno la kwanza kuhusu kule.

"Nilirudi kwa sababu ya siku ile ulipochoka kusema haloo," mumewe aliendelea, akikunja kitambaa, akikikunjua. "Ulipokea, ukakaa kimya kidogo, ukasema, 'Chakula chako huwa nakiweka, kinaharibika, namwaga. Nimechoka kumwaga.' Kesho yake nikapanda gari."

"Nilidhani ulishakata," akasema Mama Gundi. "Niliyasema hayo nikijua umekata. Nilikuwa naongea na ukuta."

"Nilikata baada ya hapo."

Mama Gundi alimtazama mwanamume huyo mwenye grisi hadi kwenye nyusi. Machozi yalikuwa yanamjia, na hasira pia, na hakujua atangulize lipi.

"Mara tatu," akasema. "Mara tatu nimeandika mtihani ule, watu wananiuliza ushahidi, ushahidi, na wewe umekaa humu ndani nao! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," mumewe akajibu.

Mama Gundi akavuta kigoda, akaketi kando ya gari la jirani, akaweka mkoba chini.

"Haya," akasema. "Nakuuliza sasa. Anzia siku ulipoondoka."